Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaacha Ajira kwa Ajili ya Vitabu

Gangilonga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku nyumbani hatujambo. Baridi ya mwezi wa saba imetushika barabara, na baba yako hatoki nje kabla ya saa tatu isipokuwa kwa ajili ya kuku wake.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Umeniuliza mambo mawili, ingawa umeyaandika kana kwamba ni moja. Kwanza, unataka kujua kama mtu anaweza kuacha ajira ya kudumu katika kampuni ya matangazo huko Dar es Salaam akaishi kwa kusanifu vitabu, kuvichapisha na kuwaandikia watoto, kama nilivyoishi mimi. Pili, unauliza kama hadithi yako ya mtoto aliyepotea katika msitu wa Sao Hill inafaa kuwa kitabu chako cha kwanza. La pili nitalijibu mwishoni. La kwanza jibu lake ni ndiyo, lakini si kwa mpangilio ulionieleza, yaani uache kazi Desemba, uandike kwa miezi sita, kisha ndipo uanze kutafuta fedha za kuchapa. Huo ni mpangilio wa mwandishi. Anayetaka kula kwa kazi hii lazima mchapishaji aliye ndani yake awe na kauli kuliko mwandishi, na wote wawili waheshimu anayewalisha, ambaye ni msanifu.

Watu hudhani kwamba nina kazi moja yenye majina matatu. Mimi naziona kuwa kazi tatu, kila moja na mteja wake, mwendo wake wa fedha na namna yake ya kumtia mtu hasara. Msanifu wa kitabu hulipwa kwa kazi aliyoimaliza: hupokea mswada uliokwisha kuhaririwa, akachagua ukubwa wa kitabu, fonti, pambizo, mahali pa picha na sura ya jalada, akapanga kurasa zote na kukabidhi faili lililo tayari kwenda mtamboni. Kitabu kiuzwe kisiuzwe, ankara yake haibadiliki. Mwandishi hulipwa baadaye na kidogo kidogo; akiwa na mkataba na shirika la uchapishaji, mrabaha wake, yaani fungu lake katika mauzo, kwa kawaida huzunguka asilimia 10. Mchapishaji ndiye anayetoa fedha kabla ya wote na kuzipata baada ya wote, kwa kuwa humlipa mhariri, mchoraji, msanifu na mchapaji, yaani mwenye mtambo, halafu hubaki na maboksi ya vitabu akiwangoja wanunuzi. Ukiwa wewe peke yako ndiye wote hao, fedha anazoingiza msanifu zitaliwa kimya kimya na mchapishaji, huku mwandishi akijiona amefanikiwa kwa sababu ana kitabu mkononi.

Ndiyo maana niliweka daftari tatu tangu mwanzo. Kila nilipopanga kurasa za kitabu changu mwenyewe, msanifu alimwandikia mchapishaji ankara, na mchapishaji alitakiwa kuilipa kutokana na mauzo. Baba yako alicheka sana siku alipogundua kwamba najidai deni mwenyewe. Hata hivyo daftari hizo ndizo zilizonionyesha ni kitabu gani kinajilipa na kipi kinaishi kwa hisani ya vingine.

Chakula mlichokula ninyi, karo mliyosomea na bati lililo juu ya nyumba hii vililetwa zaidi na vitabu vya watu wengine: historia za parokia zinazoadhimisha jubilei, nyimbo za kwaya, taarifa za mwaka za mashirika, majarida ya mahafali, na hasa kumbukumbu za walimu wastaafu. Najua kwamba kazi hizi hazitakupatia sifa mbele ya wenzako huko mjini. Lakini mwalimu mstaafu anayetaka historia ya ukoo wake ichapwe akiwa bado hai ni mteja wa kweli kuliko kampuni nyingi: fedha yake ipo, mswada wake upo, na atasoma prufu, yaani nakala ya kusahihishia, neno kwa neno akiwa na kalamu nyekundu aliyoizoea. Taasisi zina mihuri na barua nzuri, na zina pia wahasibu; ipo moja iliyochelewesha malipo yangu kwa zaidi ya mwaka hali mkataba ulikuwa umesainiwa na pande zote. Kwa sababu hiyo kanuni ya nyumba hii ni nusu ya malipo kabla ya kuanza na nusu iliyobaki kabla ya faili la mwisho kutoka kwenye kompyuta yangu. Mteja anayekasirishwa na kanuni hiyo mapema amekupunguzia usumbufu.

Vitabu vyako mwenyewe viweke pale ambapo watu wa Mufindi huweka misindano yao. Mtu huipanda kwa ajili ya miaka mingi ijayo, na wakati huo wote anakula mahindi na viazi kutoka shamba jingine. Aliyepanda miti tupu bila shamba la chakula huishia kuiuza ikiwa michanga, kwa bei ya kuni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuliona kabisa katika barua yako, pengine kwa sababu umezoea mabango na matangazo ya kwenye simu, nalo ni karatasi. Kitabu cha watoto huamuliwa kwanza na namna karatasi inavyokunjwa. Chukua karatasi ya ukubwa wa A2. Upande mmoja unaingia kurasa nane za A5, na upande wa pili nane nyingine. Ukiikunja mara tatu na kukata kingo unapata kurasa 16. Karatasi mbili za namna hiyo, moja ikiwa ndani ya nyingine na kubanwa kwa pini mbili mgongoni, ni kitabu cha kurasa 32. Ndiyo maana vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32. Si kwamba watoto wa dunia nzima walikaa wakakubaliana kuchoka baada ya ukurasa huo. Ukimletea mchapaji hadithi ya kurasa 35 utalipia karatasi ya ziada ambayo sehemu yake kubwa itaishia kwenye pipa la taka.

Kisha kuna bati, yaani lile bamba jembamba linalobeba sura ya kurasa mtamboni. Mtambo wa kuchapa kwa bati unahitaji bati moja kwa kila rangi katika kila upande wa karatasi, na picha za rangi kamili hutokana na rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kitabu chako cha karatasi mbili kina pande nne, kwa hiyo kwa rangi kamili kinataka bati 16, na kwa wino mweusi peke yake kinataka bati nne. Katikati ya hizo mbili ndipo msanifu anapoonyesha kwamba anajua kazi yake. Kurasa hazipangwi kwenye karatasi kwa kufuatana: uso mmoja hupokea kurasa za 1, 4, 5, 8, 9 na kuendelea, na uso wa pili hupokea za 2, 3, 6, 7, 10, 11 na kuendelea. Tazama vizuri uso huo wa pili, utaona kwamba ni kurasa zinazotazamana msomaji anapofunua kitabu. Ukiweka rangi kamili upande huo tu na kuacha upande mwingine kwa wino mweusi, unatumia bati kumi badala ya 16, na msomaji anapata mfunuo wenye rangi, kisha mfunuo wa nyeusi na nyeupe, kisha rangi tena, mpaka mwisho. Hadithi ikiandikwa kwa kuujua mpangilio huo, kwa mfano usiku na mchana vikipokezana, au kile anachokiona mtoto kikipokezana na kile anachokiona mtu mzima, hakuna atakayejua kwamba ulikuwa unabana matumizi. Hii ndiyo faida ya mwandishi na msanifu kuwa mtu mmoja, na ndiyo sababu kubwa inayonifanya nikubali wazo lako. Mwandishi wa kawaida hukabidhi mswada na kungoja. Wewe unaweza kuandika ukurasa wa sita ukijua kabisa kwamba utakuwa na rangi.

Kuhusu rangi zenyewe, usiiamini skrini. Kile kijani cha mashamba ya chai ya Mufindi kinachong'aa kwenye kompyuta yako hutoka mtamboni kikiwa kimepoa, kwa sababu skrini hutoa mwanga na wino hutegemea mwanga unaorudishwa na karatasi. Badilisha picha ziwe katika rangi za mtambo kabla ya kumwonyesha mteja, hakikisha zina nukta 300 kwa inchi katika ukubwa zitakaochapwa, na acha milimita tatu za ziada kwenye kila ukingo ambako picha inafika mwisho wa karatasi, maana kisu cha kukatia hakijali hadithi yako.

Karatasi utaiagiza kupitia kwa mchapaji, ya gramu 80 kwa mita ya mraba kwa kitabu cha maneno, na nzito zaidi kwa cha picha ili picha ya upande wa pili isionekane. Wageni hushangaa ninapowaambia kwamba karatasi laini ya vitabu vyangu imekuja kwa meli. Tumezungukwa na misitu ya kupandwa, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi mwaka 1985 kipo hapo hapo Mufindi, lakini kinachotoka huko zaidi ni karatasi ya kahawia ya vifungashio. Kwa hiyo bei ya dola ikipanda, bei ya hadithi ya sungura inapanda pia.

Nikupe hesabu, na uichukue kama mfano wa kuelewa mwenendo wake, kwani bei halisi utazipata kwa wachapaji wenyewe. Tuseme mhariri, mchoraji, bati na maandalizi yote kabla ya mtambo kuwashwa vimekula shilingi 3,000,000, na kila nakala inayotoka inakula shilingi 1,500 za karatasi, wino na pini. Ukichapa nakala 500, kila moja imekugharimu shilingi 7,500, na hakuna mzazi wa Kihesa atakayeinunua kwa bei inayokupa faida. Ukichapa 3,000, kila moja ni shilingi 2,500. Uiuze kwa 5,000, duka lichukue asilimia 35, ubaki na 3,250. Umetumia 7,500,000 kwa jumla, kwa hiyo utakuwa unafidia gharama mpaka nakala ya 2,308, na zile zilizobaki, ambazo hazifiki 700, ndizo zitakazokuletea faida, kama hazijaliwa na mchwa. Ukiniuliza inachukua muda gani kuuza nakala hizo 2,308 kwa mtu asiye na tenda ya shule, nitakujibu kwamba ni miaka, si miezi.

Faida ya mchapishaji mdogo iko kwenye chapa ya pili na ya tatu. Hapo mchoraji amekwisha kulipwa, mhariri amekwisha kulipwa, kurasa zimepangwa, na walimu wanakijua kitabu. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya mswada wowote, wako au wa mtu mwingine, ni kama kitabu hiki kitatakiwa tena baada ya miaka mitano. Vitabu vinavyofuata habari ya msimu, tamko la mwaka huu au wimbo unaovuma leo, viache kwa wenye mitaji. Na kwa sababu hiyo hiyo mkataba na mchoraji uandikwe vizuri tangu chapa ya kwanza: analipwa nini sasa, analipwa nini kitabu kikirudiwa, na nani anamiliki picha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Usipoandika makubaliano leo, huenda ukazungumza na wajukuu wa mchoraji.

Wapo wanaokwepa hatari hii kwa kuanza na nakala chache. Mtambo wa dijitali hauhitaji bati, kwa hiyo nakala 50 au 100 zinawezekana, ingawa bei ya kila nakala haishuki sana hata ukiongeza idadi. Njia hii naipenda kwa majaribio: unachapa chache, unazipeleka kwenye madarasa mawili matatu, unasikiliza mahali watoto wanapopiga kelele na mahali wanapoanza kusukumana. Beatrix Potter wa Uingereza alifanya jambo linalofanana na hili baada ya wachapishaji kuikataa hadithi yake ya sungura. Desemba 1901 alilipia mwenyewe nakala 250, kitabu kidogo cha kutosha mikono ya mtoto, michoro karibu yote ikiwa ya nyeusi na nyeupe. Na Oktoba 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa kwa rangi. Wanaoisimulia habari hii ili kuwapa moyo waandishi husahau kuongeza kwamba bibi huyo aliishi kwa wazazi wake, watu wenye uwezo, na hakuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Hata hapa kwetu, wale unaowaona wamesimama hawakuanza kwa kuruka gizani. Walter Bgoya aliongoza Tanzania Publishing House, shirika la umma, tangu mwaka 1972 kabla ya kujenga kampuni yake ya uchapishaji, Mkuki na Nyota. Elieshi Lema, mwandishi wa vitabu vya watoto, alianzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D pamoja na mwenzake Demere Kitunga; hakubeba peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo shule za usanifu hazifundishi kwa sababu vitabu vyao vimeandikwa kwa lugha zenye maneno mafupi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. Ukilipanga neno kama «hawakutusubiri» au «tutakapowarudishia» katika mstari mfupi ulionyooshwa pande zote mbili, utapata mashimo meupe kati ya maneno, na mtoto anayesoma kwa kidole atatumbukia humo. Kitabu cha watoto kiwe kimenyooka kushoto tu, upande wa kulia ukiachwa ulivyo. Usiruhusu programu ikate maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Itakukatia katikati ya «ng'» au itenganishe «m» na «b» za «mbuzi» bila haya, ilhali mtoto wa darasa la kwanza amefundishwa silabi na hajui kitu kingine. Chagua fonti ambayo I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 vinatofautiana. Ukitumia fonti nyingi unazopenda ninyi watu wa matangazo, neno «Ilikuwa» linaanza kwa vijiti viwili pacha, na msomaji mchanga anasimama kwenye mstari wa kwanza kabla hadithi haijaanza. Ukubwa wa herufi usiwe chini ya pointi 18 kwa wanaoanza, na hewa kati ya mistari iwe ya kutosha kidole kupita.

Tangu mtaala wa KKK ulipoanza kutumika mwaka 2015, madarasa ya kwanza na ya pili yamekazia kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wanatafuta vitabu vya kusomea vyenye maneno yanayoendana na hatua ya mtoto. Kumbuka pia kwamba mtoto wa kijijini Ludewa, Makete au Rungwe huenda ameingia darasa la kwanza akizungumza Kipangwa, Kikinga au Kinyakyusa kuliko Kiswahili. Sentensi fupi kwake ni heshima. Lakini ufupi usiwe ukavu. Watoto hao wametoka kwenye masimulizi ya bibi zao, wanajua hadithi tamu ni ipi.

Wachoraji wengi hodari wanaishi huko pwani, na mkono huchora unachokiona. Nimeletewa mnazi nyuma ya nyumba ya Mafinga, na watoto wa Makete wakicheza vifua wazi mwezi wa saba. Mpelekee mchoraji picha za sweta za shule, za vikapu vya milulu, za ukungu wa asubuhi, za nyumba za tofali zenye moshi jikoni. Mlipe pia nauli aje aone, ukiweza. Jina lake liwe kwenye jalada pamoja na lako.

Makaratasi ya serikali hayatishi kama watu wanavyosema. Utasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utachukua namba ya mlipakodi, utaomba namba ya ISBN inayokitambulisha kitabu kwa Bodi ya Huduma za Maktaba na kuwapelekea nakala za amana kitabu kikitoka, na utasajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kitabu kinachokusudiwa kutumika shuleni kiombewe ithibati, na muda wa kungoja ithibati hiyo uuweke kwenye hesabu zako.

Kuuza ndiko kugumu, na hapa nakuomba usome polepole. Sera ya mwaka 1991 iliwafungulia wachapishaji binafsi mlango wa vitabu vya shule, na wengi walijenga nyumba zao kwa vitabu vya kiada. Mwaka huo huo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada, ambao ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzigawa shuleni, jambo lililowapa wachapishaji ujasiri wa kuchapa hadithi za Kiswahili zenye picha. Katika miaka ya 2010 kazi ya kuandika na kuchapa vitabu vya kiada ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Aliyekuwa ameegemea mnunuzi mmoja alianguka pamoja na egemeo lake. Sisemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya kwa shule. Nasema kwamba mchapishaji mwenye mnunuzi mmoja ni mwajiriwa asiye na mkataba.

Wanunuzi wangu ni wengi na wadogo. Shule binafsi za Iringa, Njombe na Mbeya hununua nikiwatembelea siku ya wazazi, maana mzazi aliyemsikia mwanawe akisoma kwa sauti hafungui pochi kwa shida. Parokia hununua kwa ajili ya zawadi za Kipaimara na Krismasi. Wiki ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, huniuzia zaidi ya duka lolote, ingawa nimepangwa kati ya wauza mbegu na matrekta. Mkulima aliyeuza vizuri hupenda kurudi nyumbani na kitu cha watoto. Steshenari za mjini huchukua kwa mali kauli: unawaachia, wakiuza wanakulipa. Mali kauli haina ubaya ikiwa utaandika hati ya kupokelea, utaacha nakala chache kwa kila duka na utapita kila mwisho wa mwezi bila kuona aibu. Ukiwaachia boksi zima na kuondoka na ahadi, utakuja kukuta vitabu vimepauka dirishani kwa jua.

Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Peleka kazi yako, kwa nini usipeleke, lakini zawadi ambayo haijatolewa isiingizwe kwenye bajeti ya kodi ya nyumba.

Kwa hiyo, badala ya kuacha kazi Desemba, nakushauri uanze kutafuta wateja wa kusanifiwa vitabu ukiwa bado na mshahara, jioni na Jumamosi. Soma kwanza mkataba wako wa ajira uone kama unakuruhusu, na usitumie kompyuta ya mwajiri. Wateja watatu wakikurudia na kitabu cha pili bila kuombwa, hapo una shamba la mahindi. Kabla ya kuondoka weka akiba ya kukutosha mwaka mzima, nayo iwe kando na fedha ya kuchapia. Kitabu chako cha kwanza kama mchapishaji kitoke ukiwa bado umeajiriwa, ili hasara yake, kama ipo, ilipwe na mshahara. Ukifika hapo na bado unataka kuondoka, chumba cha nyuma kilichokuwa cha kaka yako kipo wazi. Umeme wa huku unakatika kama wa kwenu, ila kodi hulipi.

Nimalize na hadithi yako. Inafaa, lakini si kama ilivyo. Umeiandika kwa watu wazima wanaokumbuka utoto. Kurasa nne nzima bibi anamweleza mtoto maana ya msitu, na mtoto hafanyi lolote. Kilicho chako mwenyewe ni lile jambo ulilolipitia haraka katika aya moja: msitu wa Sao Hill umepandwa kwa mistari, mti mmoja sawa na mwingine, na mtoto anapotea mahali palipopangika kuliko nyumbani kwao. Hapo pana kitabu. Mtoto akitazama mbele anaona mistari, akigeuka anaona mistari ile ile. Hilo ulichore, usilieleze. Litafaa sana kwenye kurasa za nyeusi na nyeupe, na kila kitu kinachovunja mistari hiyo, ndege, uyoga, sweta ya dada anayemtafuta, kiwe kwenye mfunuo wenye rangi. Maneno yapunguze mpaka kila mfunuo ubaki na sentensi mbili au tatu. Mzee anayetokea na kutoa mawaidha mwishoni mwondoe, dada anatosha.

Usimpe mchoraji kazi bado. Chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati, uzibane kwa pini, zitakupa kurasa 32; ondoa ukurasa wa kichwa na wa hakimiliki, halafu gawa hadithi kwa penseli kwenye zilizobaki. Unitumie hicho kitabu cha mfano kwa basi, tafadhali usinipigie picha kwa simu, kwa sababu nataka kukifunua. Ukiwahi kabla ya tarehe 1 Agosti nitakwenda nacho Mbeya, nikakijaribu kwa watoto wa shangazi yako pale Uyole, halafu nitakuandikia waliponung'unika.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama ile saa umeshaitengeneza.

Mama yako